Siku Isiyo ya Wageni

Mama Paskali alikuja kwangu wiki iliyopita akiwa na chokaa begani. Alikuwa ametoka kuitazama nyumba mpya ya malezi iliyofunguliwa upande wa Mbulu, na katika kuzunguka kwake aliegemea ukuta ambao ulikuwa haujakauka. Mwanawe Paskali ni mwanaume mwenye ndevu, anabeba gunia la mahindi peke yake, lakini hawezi kuvuka barabara bila kushikwa mkono, wala hajui kutofautisha jana na kesho. Magoti ya mama yake yamechoka. Anatafuta mahali ambapo mwanawe ataishi siku yeye asipokuwepo.

"Bibi, pale pasafi, acha tu," aliniambia kabla hata hajakaa. "Vitanda vimetandikwa, sakafu inang'aa mpaka niliona aibu kupita na viatu. Siku ya wageni ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wamenipa fomu nisaini."

"Hebu sogea hapa."

Akasogea, nikanusa bega lake. Chokaa mbichi ina harufu ya baridi, ya mawe yaliyolowa, na mimi nikiinusa sikai tena katika umri huu. Nilirudi kuwa mtoto wa miguu yenye vumbi, nimeshika pindo la shuka la bibi yangu mzaa baba, tunashuka kutoka mashamba ya juu ya Endasak kwenda kumwona baba mdogo Boay.

"Usisaini bado," nikamwambia.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi watu kama Boay walivyoitwa enzi zile. Majina yale sitayaandika. Nyumbani kwetu alikuwa Boay tu, mdogo wa baba yangu, mtu mzima mwenye mabega mapana, ambaye Mungu alimpa maneno machache na sikio la ajabu kwa ndama. Aliwachunga ndama wetu wote na wa majirani. Alikuwa na mvumo wake, si wimbo wenye maneno, sauti tu ya chini itokayo kifuani, na ndama waliposikia mvumo ule walimfuata kama watoto wanavyomfuata mama mwenye miwa. Alinuka maziwa, samadi na moshi. Nilipokuwa naogopa radi nililala nimeficha uso kwenye kwapa lake, na harufu ile ilinitosha kuwa ulinzi.

Kisha mwaka mmoja wa ukame alifuata ndama wa Wabarabaig, wafugaji waliokuwa wakipita, akaenda nao hadi tambarare za chini. Siku tatu hatukujua alipo. Mama mmoja wa Kibarabaig ndiye aliyemwona, akampa maziwa, akamtuma kijana wake amrudishe. Alirudi midomo imepasuka, anatabasamu. Lakini bibi alikuwa amemtafuta kwa miguu siku zote tatu, na nyonga yake haikupona tena.

"Mama," baba alimwambia, "wewe ukifa nani atamfuata? Mimi nina shamba na watoto saba."

Watu wa kanisa walikuwa wamejenga nyumba kwenye njia ya kwenda Gehandu, mahali pa kuwalea watu wazima kama Boay. Baba alimpeleka. Jioni ile aliporudi peke yake, alipoulizwa na jirani, alisema kwa kifupi, "Tumemweka kwa watu wale."

Hapo ndipo mimi nilipokosea. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote katika boma moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi, utaamka maskini. Kwa hiyo ng'ombe mmoja unamweka kwa rafiki wa kilima kile, mwingine kwa shemeji wa bonde lile. Anayemtunza anakunywa maziwa, samadi inakuwa yake, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Nilikuwa nimesikia maneno hayo tangu nazaliwa. Basi nilielewa kwamba baba mdogo amewekwa vivyo hivyo, na nikaanza kungoja kwa hamu kuona watu wa nyumba ile watatuletea nini.

Jumapili ya kwanza ya wageni tulikwenda mimi, bibi na baba. Kuta zilikuwa zimepigwa chokaa siku hiyohiyo, ndiyo maana harufu yake imenishika hadi leo. Ua ulikuwa umefagiwa hadi mistari ya ufagio ilionekana. Tulipewa chai yenye sukari, jambo ambalo nyumbani lilikuwa la Krismasi. Na baba mdogo Boay alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono juu ya magoti, ametulia kama mzee wa kanisa anayesubiri sadaka ipite. Hakuvuma. Hakucheka. Nilimtazama kwa heshima kubwa. Niliamini amekuwa mtakatifu, kwa sababu watakatifu wote niliowaona kwenye picha walikaa vile, kimya, macho mbali.

Baba alifurahi. "Umemwona, mama? Amekuwa mtu."

Bibi alichukua mkono wa Boay, akaufungua kiganja, akainama akakinusa. Njiani, tulipokuwa tumeshaliacha lango nyuma sana, ndipo aliposema, "Hanuki ng'ombe. Hanuki udongo. Mwanangu hanuki kitu."

"Ananuka sabuni," baba akasema. "Ndiyo usafi huo."

Mimi nikaona nafasi ya kuuliza lililonikaa moyoni. "Bibi, ndama wetu wataletwa lini?"

"Ndama gani?"

"Si tumemweka baba mdogo kwao? Ndama si wetu?"

Baba alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Nyumbani akawasimulia wengine, nao wakacheka, na kwa wiki nzima kaka zangu walinipigia kelele, "Mwenye ng'ombe! Ndama wamefika?" Nililia nyuma ya ghala. Bibi peke yake hakucheka. Alikuja akakaa karibu nami, akapepeta mahindi kwenye ungo muda mrefu.

"Nikuulize wewe mwenye ng'ombe," akasema. "Babu yako alipokwenda kumtazama ng'ombe aliyemweka kwa watu, alikwenda siku gani?"

"Siku yoyote."

"Alituma habari kwanza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilijua, kila mtoto wa kwetu anajua. Mwenye ng'ombe hutokea tu. Anasalimia, anakaa, anapewa cha kunywa, anazungumza habari za mvua. Haulizi ng'ombe yukoje. Anangoja mpaka jioni, ng'ombe wanaporudi, amwone wake kwa macho yake, anavyotembea, manyoya yake, kama anaitika akiitwa. Na mtunzaji mwema hakasiriki. Anayekasirika ana la kuficha.

"Sasa ng'ombe tunamtazama hivyo," bibi akasema, "na mtoto niliyemzaa namtazama siku niliyoandikiwa? Wamekucheka bure. Jumatano tunakwenda."

Tuliondoka kabla jua halijatoka, bibi na fimbo yake ya mzeituni pori na nyonga yake mbovu, mimi na kifurushi cha viazi vya kuchemsha. Tulipofika lango lilikuwa limefungwa kwa waya. Mpishi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita kuku, alitoka akipangusa mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Lakini leo siyo siku ya wageni."

"Mimi siyo mgeni. Nina mtu wangu humu."

"Msimamizi hayupo, bibi. Sheria ni sheria."

"Haya," bibi akasema, akaketi chini palepale mbele ya lango, akanyoosha mguu wake mbovu, akafungua viazi. "Endelea na kazi yako. Tunangoja jioni."

"Jioni kuna nini?"

"Ng'ombe wanarudi."

"Hapa hakuna ng'ombe, bibi!"

"Ndilo nililokuja kulitazama."

Mpishi aliniangalia mimi kama vile nitamsaidia kuelewa. Nilitazama kiazi changu. Jua lilikuwa limeanza kupinduka msimamizi aliporudi kwa baiskeli. Aliitwa Fabiano, mwembamba, mpole, mwana wa kilima cha jirani na chetu. Alimwona bikizee amekaa mavumbini mlangoni pake akaona aibu, kama alivyolelewa kuona. Alifungua waya.

Ndani sikuona chai wala shati jeupe. Shati lilikuwa kwenye kamba, limekunjwa kwa uangalifu likingoja Jumapili, pamoja na mengine yanayofanana nalo. Watu wenyewe, wanaume upande huu na wanawake upande ule, walikuwa kwenye mabenchi yanayotazama ukuta. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyelala na njaa, vyungu vya makande vilikuwa jikoni. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na mzee hapaswi kuongeza chumvi katika jambo la Mungu. Walikuwa wamekaa tu. Mmoja alikuwa akipapasa ukuta kwa kidole, mahali palepale, na chokaa ilikuwa imeliwa hadi tofali lilionekana. Nilijua wakati ule, bila kuambiwa, kwa nini kuta zilipakwa chokaa siku ya wageni.

"Boay," bibi akaita.

Boay hakugeuka.

"Boay! Mwanangu!"

Alikuwa hatua nne kutoka kwetu, na masikio yake nilijua ni mazima. Fabiano akasafisha koo. "Tisa," akasema kwa sauti ya kawaida, na baba mdogo akasimama. Ilikuwa namba ya kitanda chake.

Utakatifu wote niliompa Jumapili ile ulianguka chini. Nilitamani bibi apige kelele. Hakupiga. Alimgeukia Fabiano.

"Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

"Tunao kumi na mmoja, bibi."

"Wana majina?"

Fabiano akainamisha kichwa. "Wana majina."

"Haya."

"Bibi, niko na mpishi tu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kwa haki. "Wakitoka nje wanapotea. Wakishika jembe wanajikata. Yule pale alianguka kisimani tukamtoa kwa neema ya Mungu. Hapa wako salama."

"Mahindi ghalani nayo yako salama," bibi akasema. "Lakini mahindi hayangoji kuitwa."

Kwa desturi yetu, mwenye ng'ombe akikuta ng'ombe wake amedhoofu, anamswaga kurudi naye siku hiyohiyo, na hakuna wa kumzuia. Ndicho nilichongoja. Bibi alimshika Boay mkono, tukatembea naye mpaka langoni. Alitufuata bila kuuliza, kama ambavyo angemfuata yeyote. Fabiano hakufunga njia. Na pale langoni bibi akasimama. Alisimama muda mrefu mno kwa nyonga ile. Niliona midomo yake ikienda, nikajua anasali. Kisha akageuka, akamrudisha Boay hadi kwenye benchi, akamkalisha, na tukaondoka wawili.

Nilimlaumu njia nzima, kimyakimya kwanza, baadaye kwa maneno. "Umemwacha! Hata jina hana!"

"Nikimchukua leo," akasema, "nitakufa, na siku ya pili baba yako atamrudisha hapa. Na watakuwa hawajajifunza chochote. Sitaki aondoke pale. Nataka pale pawe mahali pa mtu kuishi."

Sikuelewa. Kwa mtoto, kupenda ni kuchukua.

Alikwenda tena Ijumaa. Wiki iliyofuata akaenda Jumanne, iliyofuata Alhamisi, mvua au jua. Wakati mwingine waya ulikuwa umefungwa, akakaa chini. Alipita kwa mama wengine wenye watoto wao mle, mmoja Endasak, wawili kule Gehandu, akawauliza lile swali alilokuwa ameniuliza mimi: mkimtazama ng'ombe mnakwenda siku gani? Walicheka, kisha wakaanza kwenda. Hatimaye wakubwa wa nyumba walimtumia Fabiano neno kwamba wageni wa katikati ya wiki wanavuruga utaratibu, wazuiwe. Alikuja nyumbani kwetu mwenyewe kutuambia, kofia mkononi.

Bibi alimpa maziwa. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia baba, "Mlete Kipaku."

Kipaku alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Tangu azaliwe nilikuwa nikiambiwa ni wangu, nitaolewa siku moja nikiwa na ng'ombe wangu. Nilimshika shingo.

"Fabiano," bibi akasema mbele ya baba na majirani wawili waliokuwapo, "namweka huyu kwenu. Maziwa yenu, samadi yenu, ndama wangu. Mchungaji wake ni mwanangu Boay. Mmepokea?"

Fabiano alitazama ng'ombe. Alitazama bibi. Nikaona kicheko kikipanda taratibu usoni mwake, kicheko cha mtu wa kwetu aliyenaswa na anajua kamba ni ya babu zake mwenyewe. Mkubwa yeyote angeweza kuandika sheria juu ya wageni. Lakini nani katika nchi hii angemzuia mtu kwenda kumtazama ng'ombe wake?

"Bibi," akasema, "umenishika."

"Umepokea?"

"Nimepokea."

Nililia kwa ajili ya Kipaku siku mbili, na sikumsalimia bibi asubuhi, kosa ambalo nyumbani kwetu lilikuwa kubwa. Alinivumilia. Siku ya tatu aliniambia nijiandae, tunakwenda kumtazama ng'ombe wetu.

Waya haukuwa langoni. Boay alikuwa kwenye majani ya nyuma ya nyumba, fimbo mabegani, Kipaku mbele yake, na mpishi alikuwa akiita toka jikoni kwa ile sauti yake ya kuku, "Boay! We Boay! Ng'ombe wako anakula maharage yangu!" Naye akageuka. Aligeuka kwa jina lake. Bibi alikaa chini, akafunika uso kwa shuka.

Sitaki mdhani mambo yote yalinyooka. Zipo siku tulikuta waya umerudi. Boay alipotea mara moja na Kipaku, Fabiano akawatafuta hadi magharibi. Lakini mmoja baada ya mwingine walitoka kwenye mabenchi. Yule wa kupapasa ukuta alipewa kazi ya kukandika, kwa kuwa vidole vyake vilipenda ukuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa hasemi alionekana anajua kuchagua mbegu za maharage kuliko mpishi. Fabiano alijifunza majina yote, na baadaye akajifunza kila mmoja anaogopa nini, jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko majina. Na mabega ya Boay yalianza kunuka tena kama ulinzi wangu wa zamani. Mvumo ulirudi mwisho wa vyote, siku Kipaku alipokuwa na mimba nzito.

Bibi alifariki mwanzoni mwa mvua za masika. Siku ya maziko, watu wakiwa wameanza kuimba, niliona kwenye njia ya chini watu wawili wanapanda, Fabiano na baba mdogo Boay. Boay alikuwa na shati lake mwenyewe, la bluu, lenye tope. Nyuma yake alikuja ndama mwekundu bila kamba, anafuata ule mvumo. Boay alipita katikati ya watu, akafika niliposimama, akanishika mkono akauweka juu ya kichwa cha ndama.

"Wako," akasema.

Kaka zangu hawakucheka.

Boay aliishi nyumba ile mpaka uzee wake, na alizikwa na watu waliojua jina lake. Mimi nilifundisha watoto katekisimu miaka mingi, na kila nilipofika penye mchungaji anayejua kondoo wake nilinyamaza kidogo, watoto wakadhani nimesahau somo. Namshukuru Mungu kwa kosa langu la utotoni. Alilitumia.

Basi juzi Jumanne, siyo siku ya wageni, nilichukua fimbo ya bibi, Mama Paskali akabeba viazi, bodaboda zikatupandisha hadi nyumba ile mpya. Kijana wa getini alikuwa mstaarabu.

"Shikamooni. Ila leo siyo siku ya wageni, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sisi tutakaa hapa tu."

Mama Paskali alikuwa ameshika fomu yake, ananitazama kwa wasiwasi. Nilikaa chini. Kijana akakuna kichwa, akageukia ndani akaita, "Yohana! Hebu lete benchi, kuna bibi huku!"

Alitoka mtu mzima, mmoja wa wanaolelewa mle, mfupi, mwenye tabasamu la upande mmoja, amebeba benchi kichwani. Alilitua, akalipangusa kwa kiganja, akanipa mkono. Nikaushika. Nikaufungua, nikainama, nikaunusa mbele ya wote.

Ulinuka vitunguu saumu na udongo.

"Nisaini?" Mama Paskali akauliza.

"Mpe Yohana kiazi," nikamwambia. "Tukae kwanza mpaka jioni."